Bendi iko Japani, mimi niko Mwanza: nianze na tiketi, viza au ndege?

"Nina miaka 29, ni mhasibu hapa Mwanza. Tangu sekondari nasikiliza bendi moja ya roki ya Kijapani niliyoijua kupitia katuni za Naruto. Mwaka huu nimesema liwalo na liwe, nikawaone laivu kwao kabla hawajasambaratika. Wametangaza ziara ya miji kadhaa, mwisho wa Septemba hadi Novemba. Nina akiba ya milioni saba na nusu. Nilijaribu kununua tiketi kwenye tovuti yao, nikadaiwa namba ya simu ya Japani, nikakwama. Kuna tovuti nyingine ya Kiingereza inauza tiketi hizohizo mara nne ya bei na wanasema ni za uhakika. Rafiki yangu ananiambia nikate tiketi ya ndege sasa hivi kabla haijapanda, ya shoo nitaipata mlangoni kwa walanguzi kama mechi ya Simba na Yanga. Mwingine anasema bila tiketi ya shoo ubalozi haunipi viza. Nianze wapi?"

Ndugu yangu wa Mwanza, barua yako imenichekesha kidogo, maana mwaka wangu wa kwanza Yokohama nilifanya karibu kila kosa unalokaribia kulifanya. Nilikwenda kusoma, nikakaa miaka sita, na siku hizi kazi yangu ni kuwapangia safari watu wanaokwenda upande huo. Jina la bendi yako nimeliondoa kwenye swali kwa sababu jibu ni lilelile, wawe hao, wawe Asian Kung-Fu Generation ambao nao wengi wetu tuliletewa na Naruto, au ONE OK ROCK.

Ninavyoona mimi, hofu yako kubwa ni pesa na viza, lakini tatizo haliko huko. Tatizo ni kwamba unaitafuta tiketi ya Kijapani kwa akili ya uwanja wa mpira wa CCM Kirumba. Kirumba ukiwahi, ukiwa na hela au ukimjua mtu, unaingia. Japani kuwahi hakusaidii, hela ya ziada haisaidii, na kumjua mtu kunasaidia kwa namna moja tu nitakayoieleza mbele.

Kwa shoo za bendi zinazojaza ukumbi, tiketi nyingi huenda kwa droo. Wenyewe wanaiita chusen. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa siku kadhaa, unajaza mji na tarehe unayoitaka, mara nyingi na chaguo la pili, kisha unasubiri. Dirisha likifungwa, kompyuta inachagua majina. Ukipata unaambiwa tosen, ukikosa rakusen, na aliyepata ana siku chache tu za kulipa, zikipita nafasi inapotea. Aliyeomba dakika ya kwanza na aliyeomba dakika ya mwisho wako sawa kabisa. Kwa hiyo usikeshe na intaneti ya kasi kana kwamba unagombea nafasi ya chuo. Droo zenyewe huja kwa mizunguko: kwanza wanachama wa klabu ya mashabiki, kisha tovuti ya bendi, kisha mawakala wakubwa kama e+, Ticket Pia na Lawson Ticket. Mwisho kabisa ndiyo hutangazwa mauzo ya wazi ya kilichobaki, na hapo peke yake ndipo mwenye kasi anashinda. Kwa bendi kubwa kilichobaki huisha kwa dakika.

Kwa nini wajitese hivyo badala ya kuuza tu? Kwa sababu bei haipandi kufuata watu. Ukumbi wa ukubwa wa kati kama zile Zepp, wenye watu elfu mbili na ushee, tiketi hucheza kwenye yeni 7,000 hadi 9,000, na mara nyingi wa mbele na wa nyuma wamelipa sawa. Bei ikiwa ya chini na wanaotaka ni mara kumi ya viti, mlanguzi anaona faida iliyolala chini. Waandaaji wamemzibia njia kwa kuifunga tiketi kwenye mtu. Ndiyo maana ulidaiwa namba ya simu. Tiketi nyingi sasa hazina karatasi: zinakaa ndani ya programu, kwenye simu iliyopokea ujumbe wa kuthibitisha, na namba yenyewe wanataka ya Japani, inayoanza na 070, 080 au 090. Laini za watalii zinazouzwa uwanja wa ndege kwa kawaida ni za intaneti tu, hazina namba ya aina hiyo. Tiketi yenyewe huweza kubaki imefichwa hadi siku chache kabla ya shoo, na mlangoni mhudumu anaigonga muhuri palepale kwenye kioo cha simu yako. Shoo nyingine wanaomba na kitambulisho. Kwako ni pasipoti, na jina lisomeke kama lilivyo kwenye tiketi, herufi kwa herufi.

Sasa itazame tena ile tovuti ya mara nne ya bei. Wanachokuuzia ni tiketi ya mtu mwingine iliyo kwenye simu ya mtu mwingine. Tangu tarehe 14 Juni 2019 Japani ina sheria inayokataza kufanya biashara ya kuuza tena kwa faida tiketi zenye jina na masharti hayo, na adhabu yake ni kifungo hadi mwaka mmoja, faini hadi yeni milioni moja, au vyote viwili. Sheria inamwinda muuzaji, lakini anayerudishwa mlangoni ni mnunuzi. Ule "uhakika" ukiusoma kwa makini ni ahadi ya kukurudishia bei ya tiketi. Nauli ya kutoka Mwanza hadi Tokyo hakuna atakayekurudishia.

Kuhusu walanguzi wa mlangoni, rafiki yako amechelewa. Walikuwepo, wanaitwa dafuya, neno lililopatikana kwa kugeuza fuda, yaani tiketi, kichwa chini miguu juu kama watoto wetu wanavyogeuza maneno. Usiwategemee. Zipo njia halali za dakika za mwisho, kama mauzo rasmi ya aliyepatwa na dharura, kwa bei ileile, ndani ya programu zao. Wakati mwingine pia hutolewa viti vya ziada baada ya mafundi kupanga mitambo jukwaani na kuona kumbe pembe fulani haijazibwa. Nimewahi kuingia kwa kiti cha namna hiyo. Ila nilikuwa naishi vituo vitano kutoka pale. Siwezi kumshauri mtu avuke bahari mbili kwa kutegemea hilo.

Njia zako ni hizi. Ya kwanza kuangalia ni dirisha la wageni. Bendi zilizokwisha kujua kwamba zina mashabiki nje hutenga sehemu ya tiketi kwa wanaotoka ng'ambo, na e+ na Ticket Pia wana kurasa za Kiingereza kwa baadhi ya shoo, unajaza jina la pasipoti na kulipa kwa kadi bila namba ya Japani. Piga simu benki kabla uhakikishe kadi yako imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya nje. Nimeona watu wakishinda droo kisha kadi ikakataa hadi muda ukaisha. Ya pili ni klabu ya mashabiki. Ada huwa ni yeni elfu kadhaa kwa mwaka na nafasi kwenye droo ya mwanzo ni nzuri zaidi, lakini soma kwanza kama wanapokea wasio na anwani ya Japani.

Ya tatu ndiyo ile ya kumjua mtu. Maombi mengi yanaruhusu tiketi mbili, mwombaji na mwenzake, na mwenzake huyo huandikishwa jina. Kama una mtu wako kule, mathalani hawa vijana wetu wanaosoma kwa ufadhili wa serikali ya Japani, anaweza kuomba kwa ajili yenu wawili, akalipia dukani Lawson au FamilyMart, mkaingia pamoja. Nakazia neno pamoja. Akikuambia "nitashinda, halafu nitakuachia simu yangu", mshukuru na ukatae.

Ya nne ni mawakala wa kuomba kwa niaba. Wapo waaminifu na wapo wa hovyo, na mimi nawatenganisha kwa maswali mawili: tiketi itatoka kwa jina la nani, na itafika kwenye simu ya nani? Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Jambo moja linaloinua nafasi yako bila kulipa hata senti ni mji na siku. Mgeni akiombwa achague anaandika Tokyo, Jumamosi. Na Wajapani wa mikoani wanaofunga safari wanaandika Tokyo, Jumamosi. Ziara ileile, nyimbo karibu zilezile, inapita Nagoya au Sendai katikati ya wiki, siku ambayo mwenye ajira hawezi kusafiri. Wewe utakuwa likizo. Tokyo hadi Nagoya ni saa moja na dakika arobaini hivi kwa treni ya kasi, Shinkansen, kama yeni 11,000, na basi la usiku ni nafuu zaidi ukikubali kuamka na shingo imekaza.

Angalia saa pia. Japani wako mbele yetu kwa saa sita, na wanaandika kwa mtindo wa saa 24, wakati sisi tunahesabu jua linapochomoza. Dirisha linalofunguliwa 12:00 kwao ni saa sita mchana, na kwako ni saa kumi na mbili alfajiri. Linalofungwa 23:59 kwao, kwako bado kuna jua, ni dakika moja kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kuna mteja wangu aliyekaa hadi usiku wa manane wa Dar akijiandaa kujaza fomu iliyofungwa wakati yuko kwenye foleni ya daladala.

Tuje kwenye viza. Ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam hauhitaji tiketi ya shoo ili kukupa viza, ingawa ukiwa nayo inaeleza vizuri unakwenda kufanya nini. Wanachopima ni kama utarudi na kama utajimudu. Andaa ratiba ya siku kwa siku, barua ya mwajiri inayotaja likizo, taarifa ya benki inayoonyesha akiba ilivyokua mwezi kwa mwezi, na oda ya ndege, yaani nafasi uliyoshikiwa kabla hujalipa. Hiyo akiba yako ya milioni saba na nusu, kama ilijengwa polepole kwenye akaunti, inaongea yenyewe. Ikitua yote wiki moja kabla ya maombi, inazua maswali. Maombi yaliyokamilika kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku tano za kazi.

Mitego ni miwili na watu hawaambiwi. Viza ya kuingia mara moja inaishi miezi mitatu tangu itolewe na haiongezwi, kwa hiyo usiikimbilie mwezi wa tano kwa shoo ya mwezi wa kumi. Na ukikataliwa, hawakuelezi sababu hasa, wala hawapokei ombi la lengo lilelile kwa miezi sita. Yaani ukienda na karatasi za kubahatisha, unapoteza ziara nzima. Ukiwa umewahi kukataliwa viza ya nchi yoyote, au kuna mtu atakayekulipia safari, usijaze kwa ushauri wa mtandaoni, wangu ukiwemo. Ulizia dirisha la viza ubalozini kwa kesi yako, maana karatasi za mwenye mdhamini ni nyingine.

Ndege iwe ya mwisho. Najua inauma kuona bei ikipanda. Lakini fikiria hivi: katika safari hii kitu cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kigumu kupatikana, na kitu cha bei kubwa kuliko vyote kinauzwa kila siku. Kutoka Dar unaweza kupita Addis Ababa, Doha au Dubai, wiki yoyote ya mwaka. Nauli ikipanda laki tatu umepoteza laki tatu. Ukiinunua leo na droo ikakukataa, umepoteza sababu ya kwenda. Ukishalipa, fika angalau siku tatu kabla ya shoo. Mwisho wa Septemba na Oktoba bado ni msimu wa vimbunga. Kile cha Hagibis, tarehe 12 Oktoba 2019, kilisimamisha treni za eneo zima la Tokyo na kufuta hata mechi za Kombe la Dunia la raga. Shoo ikifutwa kwa kimbunga, utarudishiwa bei ya tiketi, basi.

Begi lako lipekue kabla ya kuondoka. Baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa huku bila cheti zina pseudoefedrini ya kiwango kisichoruhusiwa kule, dawa za kikohozi zenye kodeini zina masharti, na dawa za jamii ya amfetamini ni marufuku hata ukiwa na cheti cha daktari. Kama unatumia dawa ya kila siku, nenda nayo kwa mfamasia akusomee kilichomo. Dawa za cheti zinazozidi matumizi ya mwezi mmoja huhitaji kibali maalumu kabla hujasafiri.

Sasa shoo yenyewe, maana nisipokueleza utafanya kama mimi. Live house, yaani ukumbi mdogo wa muziki, yangu ya kwanza ilikuwa ya chini ya ardhi, Shibuya. Tiketi iliandikwa B412, nikajua ndicho kiti. Nikala tambi zangu taratibu, nikafika dakika kumi kabla ya kuanza. Kumbe hakuna viti. Ile ni namba ya kuingilia. Mlango ukifunguliwa, saa nzima kabla, mhudumu mwenye kipaza sauti anaita moja moja, A1, A2, A3, na watu wamejipanga kwenye manyunyu bila kusukumana, kila mmoja anajua aliye mbele yake. Namba yangu ilishaitwa na kupita. Niliisikiliza bendi nyuma ya nguzo nikaona bega la mpiga besi.

Mlangoni utadaiwa tena yeni 500 au 600 za kinywaji, hata kama hunywi kitu. Si wizi. Nyingi ya kumbi hizo zimesajiliwa kama sehemu za chakula na vinywaji, ndiyo maana lazima zikuuzie. Shika sarafu mkononi, upewe kipande cha plastiki kama sarafu, ukabadilishe na chupa ya maji. Begi liache kwenye kabati la kukodi kwa sarafu kituoni, maana ndani mtabanana. Simu weka mfukoni, picha ni marufuku karibu kila mahali isipokuwa bendi yenyewe ikiruhusu.

Na kuna kitu kitakachokushtua kuliko sauti ya spika: kati ya wimbo na wimbo mashabiki wananyamaza. Watu elfu mbili, na unamsikia mpiga gitaa akikaza uzi. Mara ya kwanza nilidhani wamechukia. Kumbe wanamsubiri, asikatizwe. Wimbo ukianza mikono yote inakwenda juu kwa mpigo mmoja, na aliye jirani yako, ambaye hakukutazama jioni nzima, anasogea akupe nafasi ya kuruka. Shoo huanza kwa saa iliyoandikwa na huisha mapema, mara nyingi kabla ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo treni utaipata. Za mwisho huondoka karibu saa sita. Nunua vizibo vya masikio, na kama tayari masikio yako huvuma, mwone daktari wa masikio kabla hujaenda kusimama saa mbili mbele ya spika.

Ukikosa droo zote? Hapo nakushauri usilazimishe. Hamisha safari iwe ya tamasha la kiangazi kinachofuata. Fuji Rock hufanyika mwishoni mwa Julai huko Naeba, milimani mkoa wa Niigata, na Summer Sonic katikati ya Agosti, Chiba na Osaka. Mgeni hununua tiketi zao kwa kadi kwa urahisi zaidi. Utalipa zaidi ya mara mbili ya bei ya shoo moja, kutakuwa na joto au mvua au vyote, na bendi yako huenda isiwepo kwenye orodha, au ipewe dakika hamsini tu. Mimi napenda zaidi ukumbi mdogo wenye jasho kuliko uwanja wa milimani, lakini huo ni upendeleo wangu.

Kwa hiyo tovuti ya mara nne ifunge, na rafiki wa ndege mwambie asubiri. Nimeufungua ukurasa wa ziara yao kabla ya kukuandikia. Chini kabisa, baada ya maandishi mengi ya Kijapani, kuna mstari mmoja wa Kiingereza wa mashabiki walio nje ya Japani. Hawadai namba ya simu, wanadai jina la pasipoti na kadi. Dirisha hilo linafungwa Jumapili 23:59 ya kwao, yaani saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa jioni hapo Mwanza. Weka Nagoya ya Jumanne iwe chaguo la kwanza, Sendai la pili, na benki uwapigie kesho asubuhi.